Mgeni Asiyeacha Nyayo

Sogeeni, sogeeni. Anayemenya karanga amenye taratibu, anayesinzia amwegemee mwenzake. Na kama nyuma yako ameketi mtu usiyemfahamu, usigeuke kwanza. Mwache, huenda naye amekuja kusikiliza.

Palikuwa na nchi. Jina ilikuwa nalo, ila wenyewe walikatazwa kulitaja ovyo, lisije likachakaa. Ilitawaliwa na mtu aitwaye Mheshimiwa Mlinda Vizingiti. Huyu bwana aliingia kama mgeni. Wazee walimkaribisha awashikie nchi kidogo tu, waende kuswali na kusali, wakirudi awarudishie. Wakarudi. Wakakuta kitasa kimebadilishwa. Sasa, si wajua tunavyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Mheshimiwa naye alilijua hilo. Akaamuru kalenda itengenezwe upya, na tangu hapo siku ya tatu haijatangazwa.

Mtu aliyeingia kwa mlango huo hawezi kuwapenda wapiga hodi. Akatoa amri. Kwanza, chumba kitupu ni marufuku, kwa sababu chumba kitupu huwaza mabaya. Kila mwenye nacho apangishe. Pili, asipangishe ila kwa mgeni aliyekaguliwa akathibitishwa kuwa salama. Tatu, mtu akipiga hodi, mwenye nyumba asiitikie "karibu" mpaka Afisa Usalama wa Wageni aruhusu. Neno "karibu" likawa mali ya serikali, kama bendera na magari yenye ving'ora.

Watu wakazoea. Binadamu huzoea hata kiatu kinachobana, akaanza kutembea upande. Ukipiga hodi kwa jirani, jirani alinyamaza, kisha akakohoa kidogo kukuonyesha kwamba yupo na anasikitika. Nawe ukakohoa, ukaenda zako.

*

Katika Mtaa wa Mabirika aliishi mjane mmoja, Bi Shufaa. Mtu wa vitendawili, mtu wa kucheka mpaka ushungi ukamdondoka. Alikuwa na chumba kimoja kitupu, cha bintiye Raya, aliyeolewa mbali, ng'ambo ya milima. Hivi karibuni Raya alimtuma msafiri: ana mimba ya kwanza, na kama ilivyo ada, atarudi kwa mama yake kujifungua. Bi Shufaa alikifagia chumba, akakaza kamba za kitanda, akanunua pilipili manga ya uji wa uzazi na mkaa wa kumkandia mwanawe. Akawa anangoja. Hilo tu ndilo alilotaka duniani: mwanawe ajifungulie kwenye kitanda kile, na mikono yake mwenyewe iwe ya kwanza kumpokea mtoto.

Badala ya Raya akaja Bwana Mwinjuma.

Bwana Mwinjuma alikuwa Afisa Usalama wa Wageni wa mtaa ule, na alizaliwa mtaa uleule. Bi Shufaa alimwogesha utotoni. Akaingia na mfuko wa majivu kwapani na kioo kidogo mfukoni, ndivyo vyombo vyake vya kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kunijulia hali?"

"Nimekuja kukijulia hali chumba. Tumesikia ni kitupu."

"Si kitupu, kinamngoja Raya."

"Chumba kinachongoja ni hatari maradufu," akasema Bwana Mwinjuma, akapanda juu ya kibao cha mbuzi ili ahutubie vizuri, ingawa msikilizaji alikuwa mmoja. "Ndugu mwananchi! Serikali yako sikivu, katika kukuhurumia wewe mwenye nyumba usiyejua kujihurumia, inakuuliza: mgeni salama ni nani? Mgeni salama ni yule ambaye hana jambo lolote analoweza kulifanya! Na isitoshe—"

"Shuka, baba, hicho kibao kina meno."

Akashuka. Siku ileile wakaanza kukaguliwa wapangaji, barazani pa Bi Shufaa, mtaa mzima ukitazama.

Akaja mshonaji nguo. Akaanguka ukaguzi kwa kumiliki mkasi, "silaha yenye midomo miwili." Akaja mwalimu, akaanguka kwa kujua mambo ambayo hakuulizwa. Akaja kijana aliyetoka kuoa, akaanguka kwa kutabasamu peke yake bila kueleza sababu. Akaja bibi kizee kipofu. Huyu, watu walidhani, atapita. Akaulizwa: "Umewahi kukasirika?" Akajibu, "Sasa hivi." Akaanguka.

Na hata waliojibu vizuri, majivu yaliwashinda. Bwana Mwinjuma alimwaga majivu sakafuni, akamwamuru mgeni apite juu yake. Aliyeacha alama ya unyayo aliandikwa "mwenye nyayo", na mwenye nyayo, kwa mujibu wa sheria, ni mtu anayekusudia kufika mahali. Kisha kioo puani. Kikiingia mvuke, basi mgeni ana jambo moyoni.

Wenye nyumba walinong'onezana: kwa ukaguzi huu nani atapita? Lakini walipita wengine. Ndiyo ajabu yake. Kila mtaa walipita.

*

Alifika saa ya adhuhuri, jua limesimama utosini. Mwanamume wa makamo, suruali ya kijivu, shati limefungwa kifungo cha shingoni. Jina, Faraji. Hakupiga hodi, alisimama tu kwenye kizingiti kama nguo iliyoanikwa.

"Una maadui?"

"Sina."

"Jamaa?"

"Sikumbuki."

"Unataka nini katika nchi hii?"

"Mahali pa kukaa."

Akapita juu ya majivu. Majivu hayakutikisika. Akapuliziwa kioo, au tuseme kioo kiliwekwa puani pake, kikabaki kinang'aa kama mwezi wa kumi na nne. Bwana Mwinjuma akamshika Bi Shufaa mkono kwa furaha.

"Shangazi, huyu ni almasi! Watu wa namna hii huletwa na Nyumba ya Usafi ya serikali yenyewe."

Akafunga utepe wa kijani kwenye kitasa cha chumba cha Raya. Mgeni mwenye utepe wa kijani hafukuzwi na mwenye nyumba, wala hahamishwi naye, wala haulizwi. Bi Shufaa aliyatazama yale majivu. Akajiambia, mtu mwepesi tu, maskini, huenda hali vizuri. Katika nchi ile watu walikuwa wamejifunza kujiambia mambo haraka, kabla macho hayajawahi.

*

Akampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Faraji akashukuru, akakitazama chakula mpaka kikapoa. Kesho yake uji. Kesho kutwa maandazi. Hakugusa kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, uso ukutani, mikono magotini, kama mtu aliyeambiwa angoje aitwe. Kitanda hakikubonyea. Maji ya kunawa aliyowekewa asubuhi yalikutwa jioni vilevile, na siku moja, ndani ya joto la kaskazi, yalikutwa yameganda juu.

Sasa hapa pana jambo. Kwao Bi Shufaa mgeni haulizwi atokako kabla hajala. Ukimwuliza na tumbo tupu, ni sawa na kumwambia kuwa chakula chako kina bei, na bei yake ni siri zake. Ni aibu kubwa. Watu waliachana na marafiki wa utotoni kwa aibu hiyo. Kwa kuwa Faraji hakula, Bi Shufaa hakuuliza. Siku zikapita, mgeni hajala, mwenyeji hajauliza, adabu ikakaa katikati yao kama ukuta.

Siku moja alimkuta jirani yake, Mama Sikujua, akipepeta mchele upande wa pili wa ua.

"Shoga, kitendawili," Bi Shufaa akanong'ona.

"Tega."

"Mgeni wangu hali, hanywi, na akipita mlangoni paka anahama nyumba."

Mama Sikujua akaacha ungo. "Wangu pia."

"Hilo si jibu. Jibu, au nipe mji."

"Chukua huu wetu."

"Huu? Huu una mgeni wake, na hatoki."

Wakacheka, kisha wakaona wamecheka kwa sauti, wakakohoa.

"Basi nimeshindwa. Nipe jibu."

Bi Shufaa akatazama dirisha la chumba cha Raya. Pazia lilikuwa limetulia, ingawa upepo ulikuwa ukipiga kila pazia la mtaa.

"Jibu ninalo," akasema. "Ulimi ndio hautaki kulibeba."

Mtaa ulikuwa umegeuka hivyo. Watu hai walishinda mabarazani na kulala jikoni, na vyumba vizuri vilikuwa na wale watulivu, uso ukutani. Nchi haikuwahi kuwa salama kiasi kile. Mheshimiwa alitoa hotuba redioni, akajipongeza, akajishukuru kwa pongezi zake.

*

Raya akafika asubuhi moja, miguu imevimba, tumbo limemtangulia. Akasimama nje ya kizingiti cha mama yake.

"Hodi! Mama, hodi!"

Bi Shufaa alikuwa ndani, unga mikononi. Neno lilimpanda mpaka kwenye meno. Akalimeza, likampalia, akakohoa.

"Mama? Mama, ni mimi. Mbona unakohoa?"

Bwana Mwinjuma alikwisha kufika. Wenye kazi yake husikia hodi kama kunguru asikiavyo sahani. Akamwaga majivu kizingitini.

"Dada Raya, karib— samahani. Dada Raya, salaam. Umelala nje ya nyumba hii zaidi ya mwaka?"

"Nimeolewa, Mwinjuma! Wajua. Ulikula pilau mpaka ukavua mkanda."

"Basi wewe ni mgeni. Na si mgeni mmoja." Akalizunguka tumbo kama mtu anayekagua gari bovu. "Humu mna mtu wa pili. Hana jina, hana makazi, hatumjui anawaza nini, na amekusudia kuingia nchini kwa njia isiyo na mlango wa ukaguzi. Tena anapiga mateke. Shangazi, umesikia? Anapiga mateke, na hajafika!"

"Mwinjuma baba," Bi Shufaa akasema kutoka ndani, "uchungu umeshaanza kumkamata. Mtazame kiuno."

Bwana Mwinjuma hakuwa na roho mbaya. Hilo ndilo la kutisha. Akafikiri, akang'aa uso.

"Shangazi, njia ipo! Tumpeleke Nyumba ya Usafi. Anajibu maswali machache, anasafishwa, anarudi kwako ana utepe wa kijani. Mtazame mpangaji wako! Alisafishwa hukohuko. Nani mtulivu kama yeye? Gari lipo hapo kona. Wewe sema tu ndiyo."

Raya akamtazama mama yake kupitia mlango ulio wazi, jasho likimtiririka. "Mama, kama ni maswali tu, nitajibu. Nataka kulala, Mama."

Ndugu zangu, Bi Shufaa alikaribia kusema ndiyo. Maswali machache, mwanawe kitandani. Nani asingekubali? Akafungua kinywa. Na hapo ndipo miguu yake ilipomgeuza, ikampeleka chumbani, akasimama mbele ya mtu ambaye hakuwa amekula, akafanya jambo ambalo mama yake wala bibi yake hawakuwahi kulifanya.

"Bwana Faraji, nisamehe, najivunjia heshima. Unatoka wapi?"

Faraji akageuza uso polepole. Ilikuwa kama alikuwa akilisubiri swali hilo, na hakuna nyumba iliyowahi kumpa.

"Nilikuwa fundi redio," akasema. "Walisema redio zangu zinashika mbali mno. Wakaniita Nyumba ya Usafi, maswali machache. Nikajibu. Wakasema sijajibu. Nikajibu tena. Jua likachwa, likachwa tena. Majibu yaliponiishia, pumzi nazo zikaisha. Kisha mtu akanimwagia maji, akasema, huyu sasa ni safi."

Bi Shufaa akauliza, "Na kwako? Hukurudi kwako?"

"Nilipiga hodi," akasema Faraji. "Mke wangu alikohoa."

*

Raya alikuwa ameshapandisha mguu mmoja kwenye gari.

"KARIBU!"

Neno lile halikuwa limesikika kwa muda mrefu hata watoto wadogo wakauliza ni tusi gani.

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani, wewe na huyo asiyejulikana! Karibu na mateke yenu!"

Bwana Mwinjuma alikuwa ameziba masikio. "Shangazi, umesema?"

"Nimesema. Nirudie?"

"Usirudie!"

Raya akashuka garini, akapita juu ya majivu kwa ile miguu yake iliyovimba. Majivu yakaruka, nyayo zikabaki kizingitini, pana na wazi. Bwana Mwinjuma akainua mguu amfuate, akaushusha. Alikumbuka kanuni: nyumba ambamo "karibu" limetamkwa bila kibali ni nyumba hatari, na afisa haruhusiwi kuingia nyumba hatari. Akabaki nje na kipaza sauti cha garini.

"Shangazi! Toka nje ukamatwe kwa hiari yako!"

"Ingia unitoe, baba."

"Siruhusiwi! Humo mna hatari!"

Ndani, Faraji alinyanyuka ukingoni mwa kitanda, akampisha Raya bila neno, akaenda kusimama ukumbini, amegeukia ukuta kwa heshima. Raya alipojilaza, kamba za kitanda zikalia. Bi Shufaa alisikia mlio ule akatokwa na machozi. Mama Sikujua aliruka ukuta kuja kusaidia. Jua lilipoanza kupinda, mtoto wa kike akateleza akaingia mikononi mwa bibi yake, ana mvuke, ana kelele, ana nyayo nyekundu ndogo kama maganda ya karanga.

Kioo chochote kingefunikwa na pumzi zake.

*

Kesho yake Bwana Mwinjuma alirudi na rangi, akaipiga nyumba alama nyekundu ukutani: HATARI. Akasubiri Bi Shufaa alie. Lakini Mama Sikujua, ambaye hakuwa mjinga, alikwisha kuona kwamba nyumba yenye alama ile haiingiwi na afisa. Akafungua dirisha lake na mbuzi akipita, akapaza sauti: "Karibu, mbuzi!" Akapigwa alama. Wa pili akamkaribisha kunguru. Wa tatu akajikaribisha mwenyewe. Mpaka jioni Mtaa wa Mabirika wote ulikuwa mwekundu, na Bwana Mwinjuma ameishiwa rangi.

Akasoma sheria. Ilisema: mgeni salama asiachwe katika nyumba hatari hata kwa kupepesa jicho, ahamishiwe nyumba iliyo salama kuliko zote nchini. Hakuna aliyeuliza ni ipi. Ilikuwa na ukuta ndani ya ukuta, na mbwa waliokuwa na walinzi wao wenyewe.

Basi asubuhi wakatolewa. Kila nyumba ikatoa mmoja, nyingine wawili, wakajipanga barabarani uso mbele, mikono ubavuni, vumbi lisitimke. Na mgeni, hata awe wa namna gani, husindikizwa. Bi Shufaa alimwachia Raya uji, akamwachia Mama Sikujua mtoto, akajifunga kanga, akatembea kando ya Faraji.

Huko nyuma wale watu walikuwa wakikaa vyumbani, tena vyumba vya mitaa ya mbali na kwao. Sasa walipita sokoni, mchana kweupe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua akainua kichwa, kijiko kikabaki hewani.

"Baba Hidaya?" akasema. "Si waliniambia umesafiri?"

Faraji akasimama kidogo. Akamtazama. Kisha msafara ukamvuta, kama maji yavutavyo jani. Mwanamke akaacha vitumbua viungue, akafuata. Mbele kidogo mzee akatupa mkongojo: "Mwanangu Jabu! Jabu!" Akafuata. Kinyozi akaacha kichwa nusu. Walio hai wakawa wengi nyuma ya wale watulivu, kila mmoja akiita jina la mtu wake, na majina yakawa mengi kuliko nyumba za mji.

Getini walinzi walimwaga majivu, maana amri ni amri. Wageni wakapita mmoja mmoja, na majivu hayakutikisika. Walinzi wakatazamana. Mgeni salama hazuiwi. Wakafungua. Kasri la Mheshimiwa Mlinda Vizingiti likaanza kujaa: kwanza kumbi, kisha ngazi, kisha, walivyosema wapishi waliotoka mbio bila viatu, chumba cha kulala chenyewe, uso ukutani, na mwenyewe amesimama juu ya kitanda akiuliza wanataka nini.

Faraji akabaki wa mwisho. Bi Shufaa alijua kwamba msindikizaji huishia njiani, wala haingii na mgeni wake, lakini hakujua humwambia nini mtu wa namna ile. Huwezi kumwambia afike salama.

"Bwana Faraji, nilikupikia ovyo?"

"Kilinukia vizuri," akasema. "Harufu niliipata."

Nyuma yao yule mwanamke wa vitumbua alikuwa akiita, Baba Hidaya, Baba Hidaya, sauti imeshakwaruza. Faraji akainamisha kichwa kuisikiliza, kama fundi anayetafuta stesheni. Kisha akamgeukia Bi Shufaa.

"Rudi nyumbani. Mtoto analia."

Mtaa wa Mabirika ulikuwa mbali, hakuna sikio la mtu hai lingeusikia kutoka pale. Bi Shufaa hakuuliza umejuaje. Alikunja kanga mpaka magotini, mtu mzima yule, akakimbia, akipasua umati uliokuwa ukiita na kuita pasipo kujibiwa, na alipofika kona ya kwao akamsikia mtoto.